Mgeni aliambiwa, ndugu akafichwa

Saa 12 asubuhi Mwananyamala huwa imeshaamka. Adhana imepita, mama wa vitumbua ameshabandika karai, wanafunzi wanagombania daladala, na madereva wa bodaboda pale kona wanafuta umande kwenye viti vya pikipiki zao. Ni katikati ya Julai, kipindi cha kipupwe, wakati ambao hata mkazi wa Dar es Salaam hujifunika shuka usiku bila kulalamikia joto.

Katika nyumba moja ya kizamani, zile zenye korido katikati na vyumba pande mbili, mvulana wa miaka 13 amekaa barazani na bibi yake. Amezaliwa Glasgow, Uskoti, na hii ni mara yake ya kwanza kuja akiwa na umri wa kukumbuka. Kiswahili chake amekipata mezani kwa mama yake. Anaelewa karibu kila kitu, lakini ngeli zinamponyoka, na bibi hucheka hadi kufuta machozi kila anaposema "simu changu".

Kila asubuhi, kabla chai haijaiva, mjomba wake hupita hapo barazani amevaa kofia. Huyo ndiye kitinda mimba wa bibi, mdogo wake mama. "Shikamoo mama." "Marahaba, nenda salama." Kisha anapotelea kwenye uchochoro. Mtoto akiuliza anko anakwenda wapi mapema hivyo, jibu huwa moja: "Kibaruani."

Mama wa mtoto huyo, aliyeondoka nchini akiwa binti na sasa anafanya kazi ya kuhudumia wazee Glasgow, hakuwa amefika nyumbani kwa miaka tisa. Nauli ya watu wawili si mchezo, na karatasi za ukaazi nazo zilichukua muda wake. Alikuja na masanduku mawili ya zawadi na jambo moja lililokuwa likimsumbua, ambalo hakujua ataliongeaje.

Kilichokuwa kwenye simu

Jambo lenyewe lilianzia shuleni kwa mwanawe. Wanafunzi waliambiwa kila mmoja aeleze nchi walikotoka wazazi wake. Mtoto akafungua simu, akaandika Dar es Salaam, kisha majina mawili ambayo mama yake huyataja kila siku: Kinondoni alikozaliwa, na Temeke alikoolewa dada yake mkubwa. Miongoni mwa habari zilizojitokeza, moja ilimtoa jasho. Ilisema waraibu wa dawa za kulevya katika jiji hilo hujidunga damu ya wenzao.

Mwenzake aliyekaa jirani aliichungulia. Kwa wiki kadhaa mtoto akawa mtu wa kutaniwa, na utani wa watoto wa umri huo hauna breki. Alipomuuliza mama yake, mama alijibu haraka kama mtu anayefukuza nzi: "Uongo huo. Hawa huwa hawaoni jema kwetu."

Usiku ule mama alifanya wanachofanya wazazi wengi walio ughaibuni. Alimtumia mwanawe picha: Daraja la Tanzanite lililofunguliwa mwaka 2022, fukwe za Kigamboni, Coco Beach siku ya Jumapili, maghorofa ya Posta. Mtoto alizitazama zote. Kisha akauliza swali ambalo mama hakulitegemea: "Sasa bibi anakaa kwenye picha ipi?"

Bibi hakuwamo kwenye picha hata moja. Mwananyamala haina ufukwe wala ghorofa la vioo. Ina makarai ya vitumbua, misikiti na makanisa, saluni zenye majina ya miji ya Ulaya, genge la nyanya kila hatua hamsini, na hospitali kubwa ya mkoa. Bibi alikosekana kwenye habari ya wageni, na alikosekana pia kwenye jibu la binti yake mwenyewe.

Habari ile haikutungwa

Mama alisema ni uongo, lakini haukuwa uongo. Mwaka 2005 watafiti, wakiwamo wa Muhimbili na wenzao kutoka Marekani, waliandika barua fupi katika jarida la kitabibu la British Medical Journal. Walieleza jambo jipya walilolikuta kati ya watu wanaojidunga heroini Dar es Salaam: mtu aliyekwisha kujidunga humpa damu yake mwenzake asiye na pesa ya kununua kete, kwa imani kwamba dawa imo ndani ya damu hiyo. Waliotajwa mwanzoni walikuwa wanawake wanaouza miili, waliokuwa wakiokoana na mateso ya arosto. Dawa iliyomo kwenye damu kiasi hicho ni kidogo mno, lakini hatari ya kuambukizana virusi vya Ukimwi na homa ya ini ni kubwa.

Julai 2010 gazeti la The New York Times likaiandika habari hiyo, nayo ikazunguka dunia. Kadiri ilivyokuwa ikirudiwa midomoni mwa watu ndivyo ilivyozidi kutanuka. Kundi la wagonjwa wachache likawa waraibu wote wa Dar es Salaam, Dar es Salaam ikawa Tanzania, na ilipofika kwenye darasa la mtoto wa miaka 13 ilikuwa imeshakuwa Afrika nzima.

Unga wenyewe haukuota Temeke. Heroini inayopita pwani ya Afrika Mashariki chimbuko lake kubwa ni Afghanistan. Husafirishwa kwa majahazi kutoka pwani za Iran na Pakistan, na sehemu ya mzigo huo huendelea hadi Ulaya. Kinachobaki njiani ndicho kilichowapata vijana wa Kinondoni, Temeke, Tanga, Mombasa na Unguja.

Miezi saba baada ya habari ya Marekani, Februari 2011, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kuwapa waraibu wa heroini dawa ya methadone, ikiwa miongoni mwa hospitali za umma za kwanza kufanya hivyo katika Afrika bara, kusini mwa Sahara. Mwaka 2012 huduma ikafika Mwananyamala, na mwaka 2014 ikafika Temeke. Mgonjwa hufika kituoni, hunywa dozi mbele ya mhudumu, arosto ikatulia, akaenda zake kutafuta riziki kama watu wengine. Huduma ni bure. Gharama yake ni nauli, na uvumilivu wa kurudi tena kesho.

Habari hiyo ya pili haikuzunguka dunia. Ndiyo maana mtoto wa Glasgow alikuja Dar es Salaam akiifahamu sindano ya mwaka 2005 bila kuwahi kusikia juu ya kikombe cha mwaka 2011.

Foleni ya hospitalini

Siku ya tano ya safari, bibi alikuwa na kliniki ya presha. Binti yake akasema atamsindikiza, na mjukuu akataka kwenda. Walikodi bajaji, wakashuka getini, wakaingia kati ya wamama waliobeba watoto na wauza maji ya chupa.

Bibi alitaka kupita njia ya mkono wa kulia. Mtoto, aliyekuwa akishangaa huku na huko, aliona upande wa pili foleni ya watu wapatao thelathini, wengi wao wanaume, wengine vijana, wengine wenye mvi. Wanawake walikuwa wachache. Katikati ya foleni aliiona kofia anayoifahamu.

"Anko!"

Bibi alimvuta mkono. Lakini mama alikuwa ameshageuka. Alimwona mdogo wake ameshika kadi, mbele yake dirisha, na mtu wa kwanza kwenye foleni akinywa kitu kwenye kikombe kidogo huku mhudumu akimtazama hadi ameze. Hakuhitaji kuambiwa. Glasgow, methadone hunywewa kwenye maduka ya dawa ya mitaani, mbele ya mfamasia, na huwa anapishana na wanywaji wake kila anapokwenda kuchukua dawa za wazee wake. Alijua anachokiona kabla mdogo wake hajainamisha kichwa.

Hakuna aliyepiga kelele. Mjomba alinywa dozi yake, akaja kuwasalimia, akamshika mpwa wake bega. "Umeniona, eeh?" akasema. Kisha akaenda kazini kweli. Ana sehemu anaosha magari, na wenye magari humsubiri kuanzia saa mbili.

"Nikutie mawazo kwenye baridi?"

Mazungumzo yalifanyika usiku, uani, mtoto akidhaniwa amelala. Ilijulikana kwamba mjomba alianza kuvuta, baadaye akaanza kujidunga. Ada ya chuo cha ufundi ambayo dada yake alituma mihula mitatu mfululizo haikufika chuoni. Redio ya bibi iliuzwa, kisha pasi, kisha sufuria kubwa ya shughuli. Kila simu ya dada ilipoita kutoka Glasgow, jibu lilikuwa mdogo wako yupo safarini, mdogo wako simu yake imeharibika. Aliyemtoa huko alikuwa kijana wa mtaani aliyewahi kuwa mraibu na kupona, ambaye alimpeleka kliniki kwa miguu. Mwaka wa nne huu anakwenda.

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia nini kwenye simu, mwanangu? Uko peke yako, unalea, unafanya kazi usiku. Nikutie mawazo kwenye baridi?"

"Mimi naishi Glasgow, mama. Mateja nawakuta kwenye ngazi za jengo langu. Nani angeelewa kama si mimi?"

Bibi alinyamaza. Baadaye akasema kilichokuwa moyoni: aliogopa aibu kuliko alivyoogopa ugonjwa. Majirani walijua, balozi wa mtaa alijua, hata mama wa vitumbua alijua. Waliokuwa hawajui ni wale tu ambao maoni yao yalimuuma bibi zaidi, yaani watoto wake walio mbali.

Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwenye familia hii kifo hakikuwahi kufika, shukrani kwa kliniki. Lakini aibu ilifanya kazi yake. Kwa miaka hiyo yote, watafiti waliketi kwenye vijiwe vya jiji hili wakauliza na kujibiwa, na waandishi wa ng'ambo wakasimuliwa, wakati dada wa tumbo moja aliambiwa mdogo wake yupo safarini. Mgeni aliijua mitaa hii kuliko mwenyewe, kwa sababu mgeni ndiye aliyeambiwa.

Mji mwingine, sindano ile ile

Keshoye, barazani, mama aliieleza familia jambo ambalo wengi hawalijui kuhusu huko anakoishi. Uskoti ina watu wapatao milioni 5.5. Mkoa wa Dar es Salaam, kwa sensa ya 2022, una watu zaidi ya milioni 5.3. Ni kama mizani sawa. Mwaka 2020 pekee, vifo vilivyotokana na dawa za kulevya nchini Uskoti vilifika 1,339, idadi iliyoifanya itajwe kuwa na hali mbaya kuliko nchi nyingine yoyote ya Ulaya.

"Elfu moja mia tatu?" bibi akauliza. "Wazungu?"

"Wazungu, mama. Na mama zao wanalia kama wewe."

Tofauti iko katika namna habari inavyoandikwa. Gazeti la Glasgow likiandika kuhusu sindano, ndani yake mna daktari anayepinga na daktari anayekubali, mna waziri anayebanwa kwa maswali, mna mama aliyefiwa na picha ya mwanawe akiwa na sare ya shule. Mabishano kuhusu chumba cha kujidungia chini ya uangalizi wa wauguzi yalichukua miaka mingi magazetini, hadi kituo cha kwanza cha aina hiyo kilipofunguliwa mjini humo Januari 2025. Msomaji wa huko humaliza kusoma akijua kuna tatizo, na akijua pia kuna watu wanahangaika nalo. Hakuna anayefunga gazeti akisema basi hivi ndivyo Ulaya ilivyo.

Temeke haipewi nafasi hiyo. Habari yake huja na mgonjwa asiye na mama, mtaa usio na daktari, na jiji lisilo na mtu anayebishana na mwingine kuhusu la kufanya.

Mapanki na majibu yetu

Watanzania waliwahi kuumizwa na habari ya namna hii, na wenye umri wa kutosha wanakumbuka. Mwaka 2004 ilitoka filamu ya Hubert Sauper, Darwin's Nightmare, kuhusu biashara ya sangara Mwanza. Wengi hapa waliiita filamu ya mapanki, kwa sababu ilionyesha watu wakila mabaki ya samaki ambaye minofu yake imepandishwa ndege kwenda Ulaya. Pia ilidokeza kwamba ndege hizo huja na silaha. Ilitajwa kuwania tuzo ya Oscar. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliikemea hadharani, na Mwanza watu wakaandamana kuipinga.

Hasira ile ilikuwa na sababu. Mtu aliyekulia Mwanza hakuuona mji wake humo. Lakini maandamano yalipokwisha, swali la kwa nini mapanki yalikuwa yameingia kwenye vyungu vya watu lilibaki pale pale, na wachache walilishika.

Kuna kisa kingine kilichokwenda njia tofauti. Mwaka 2008 mwandishi Mtanzania, Vicky Ntetema, aliyekuwa akiifanyia kazi BBC jijini Dar es Salaam, alijifanya mteja na kuwafuata waganga waliokuwa tayari kuuza viungo vya watu wenye ualbino. Alitishiwa maisha hadi ikabidi ajifiche. Habari ile iliitia doa nchi machoni pa dunia, na Watanzania wengi walioko nje waliulizwa maswali mazito kazini kwao. Hata hivyo iliokoa watu. Mapema mwaka 2009 serikali ilisitisha leseni za waganga wa jadi. Aliyeitangaza aibu hiyo kwenye chombo cha kigeni alikuwa binti wa nyumbani, anayejua salamu, njia na lugha, na ambaye baada ya habari kutoka aliendelea kuwatetea watu wenye ualbino.

Ndiyo sababu kusema "waongo hao" na kufunga mjadala hakumsaidii mtoto. Swali la kumfundisha ni jingine: aliyesimulia alikaa hapo muda gani, alizungumza na nani, na baada ya kuondoka, nani alibaki kufanya nini?

Jumamosi Temeke

Jumamosi mama na mwanawe walikwenda kumwona mama mkubwa. Walipanda mwendokasi Mkwajuni, wakapita Magomeni, wakashuka Gerezani, kisha wakaingia daladala la Tandika. Konda alimwita mtoto "msomi" kwa sababu ya miwani yake, akamkalisha dirishani. Walipita Chang'ombe. Mtoto aliuona Uwanja wa Benjamin Mkapa, wenye viti 60,000, akauliza kama Simba na Yanga huchezea hapo, na abiria wanne wakamjibu kwa pamoja, kila mmoja na lake.

Tandika ni soko kabla ya kuwa mtaa. Mitumba imetandazwa juu ya maturubai, mtu anauza viatu vya mguu mmoja mmoja akitafuta pacha wake kwenye gunia, muuza kahawa anagonganisha vikombe, na spika ya duka la simu inapiga singeli hadi kifua kinatetema. Mama mkubwa alikuja kuwapokea amejitanda kanga mbili, akamkumbatia mtoto hadi miwani ikapinda.

Walipokuwa wakikata uchochoro kuelekea nyumbani, chini ya mwembe walikuwa vijana wawili wamekaa. Mmoja alikuwa ameinama, kichwa kinashuka taratibu hadi karibu na magoti, kisha kinashtuka na kupanda, kisha kinashuka tena. Mtoto alisimama. Hiki ndicho alichokisoma. Mkono ukaenda kwenye simu, na simu ikainuka.

"Weka simu, baba," mama mkubwa alisema kwa sauti ya kawaida. "Huyo ana mama yake. Anakaa nyumba ile ya bati jekundu. Alikuwa golikipa huyu, tulikuwa tunamshangilia. Msalimie."

Mtoto alirudisha simu mfukoni. "Shikamoo."

Kichwa kilipanda polepole. Macho yalichukua muda kumpata aliyesalimia. "Marahaba, mdogo wangu," kijana akasema. "Karibu Temeke."

Njiani mama mkubwa aliendelea kusimulia. Temeke imeona mengi, akasema, lakini haikukaa kitako. Kuna chama cha MUKIKUTE, kilichoanzishwa hapa hapa na watu waliowahi kuugua kifua kikuu, ambacho watu wake huwafuata waraibu mitaani na kuwashawishi wapime. Shirika la madaktari la Ufaransa, Médecins du Monde, nalo lilifungua kituo Temeke ambako mraibu angeweza kuoga, kutibiwa vidonda na kuzungumza na mtu. Hospitali ya Temeke ina kliniki yake ya methadone. Yule golikipa aliwahi kupelekwa mara mbili, akaacha mara mbili. "Tutampeleka tena," mama mkubwa alisema, kama mtu anayezungumzia kwenda kusaga mahindi.

Jioni walikula wali na samaki wa nazi kwenye mkeka. Mtoto alikula sahani mbili. Alipoulizwa ameionaje Temeke, alifikiri kidogo kisha akajibu kwa Kiswahili chake: "Wanajuana."

Ufanyeje, mzazi

Mzazi uliye mbali na nyumbani, siku moja mwanao atakuja na simu mkononi akiwa ameona kitu kuhusu kwenu. Huenda ni dawa za kulevya, mafuriko ya Jangwani, ukeketaji au ualbino. Usikimbilie kukana. Isomeni pamoja. Mwonyeshe imeandikwa mwaka gani na inazungumzia watu wangapi. Mtafute pamoja nini kilifanyika baadaye. Kama ni kweli, mwambie ni kweli. Mtoto anayeambiwa "uongo" leo, akija kuona kwa macho yake kesho, atakayempunguzia imani ni wewe, na yule mwandishi ataonekana ndiye msema kweli.

Picha za fukwe mtumie, ni zetu. Lakini mtumie pia picha ya baraza la bibi, ya karai la vitumbua, ya foleni ya daladala. Mtoto akiijua sura ya mtaa wa kawaida, habari mbaya ikija itakuwa na mahali pa kukaa. Itakuwa jambo moja kati ya mengi anayoyajua.

Nawe mzazi uliye nyumbani, usimfiche mwanao aliye nje kila kitu kwa kisingizio cha kumlinda. Pesa anayotuma inakwenda wapi ni haki yake kujua, na huenda huko aliko ameshaona watu waliopona ugonjwa huo huo unaouonea haya. Kama nyumbani kuna kijana aliyeingia kwenye unga, kliniki zipo, hazitozi, na foleni zake zimejaa watoto wa watu kama wewe. Msanii Rehema Chalamila, Ray C, alipoueleza umma juu ya uraibu na matibabu yake, watu wengi walisikia kwa mara ya kwanza neno methadone kwa Kiswahili, kutoka kwa mtu waliyempenda. Kinachosemwa na wenyewe husikika tofauti.

Asubuhi ya mwisho

Siku ya kuondoka mtoto aliamka na jogoo. Alimsindikiza mjomba wake hadi kwenye geti la hospitali, wakapitia kwa mama wa vitumbua, wakanunua vinne, viwili kila mmoja. Njiani alimuuliza jambo alilokuwa nalo tangu ile siku ya foleni. Shuleni watamuuliza tena kuhusu Dar es Salaam. Je, anaweza kuwaambia habari za anko?

Mjomba alimaliza kwanza kitumbua chake. "Waambie," akasema. "Ila usiishie kwenye sindano. Waambie na kikombe. Na useme naosha magari vizuri kuliko wote barabara hii."

Siku hizi simu kutoka Glasgow huita Jumapili jioni. Bibi huipokea, huulizia baridi, kisha huipeleka uani. Anayeitwa huja, na huongea mwenyewe.